Mpwani Aliyekwenda Ulaya Kununua Mnazi

Baba alipokwenda kumtembelea dada yangu Hamburg, alirudi na habari moja tu. Ukimuuliza mji ukoje, anakujibu, "Una upepo," kisha anaulizia chai. Tukasema labda mzee hakuupenda.

Mwaka huu ikawa zamu yangu. Usiku niliofika, shemeji alinitandikia kochi sebuleni, katikati ya msitu. Sitii chumvi. Pembe zote nne zilikuwa na minazi ya kwenye ndoo. Mmoja uliinamia televisheni kama unasubiri taarifa ya habari, mwingine ukanikuna sikio kwa jani lake hadi alfajiri. Miti yenyewe si minazi hasa, ni jamaa zake wa mbali, lakini kwa usiku ule kila chenye makuti kwangu kilikuwa mnazi. Nikamhurumia shemeji. Kumbe ughaibuni unaweza kumfikisha mtu mahali akaanza kuotesha pwani ghorofa ya nne.

Alfajiri, kabla hajaenda zamu bandarini, akanipa tiketi ya siku nzima, ile inayokupandisha treni, basi na hata feri za mtoni.

"Shemeji, leo Jumapili. Anzia soko la samaki, lakini wahi, saa tatu na nusu wanafunga. Jambo moja tu. Ukifika pale, mikono mfukoni."

"Kuna wezi?"

"Mikono mfukoni, shemeji."

Dada akacheka kule jikoni. Nikadhani anacheka redio.

Soko lenyewe liko ukingoni mwa mto Elbe, na limekuwapo tangu 1703. Bahari iko zaidi ya kilomita 100 kutoka pale, lakini mto unajaa na kupwa kama Bahari ya Hindi, na mimi niliposikia harufu ya maji yale nikajiona nimefika kwetu. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza: nikalegea.

Samaki wapo, lakini kinachouzwa zaidi pale ni maneno. Wachuuzi wamesimama juu ya malori, wanapayuka, wanatukanana na wateja, wanarushia watu ndizi. Ndani ya ukumbi wa zamani wa mnada, bendi inapiga roki saa kumi na mbili asubuhi. Nusu ya wanaocheza wametoka kulala. Nusu nyingine wameteremka moja kwa moja kutoka Reeperbahn, mtaa wa starehe ulio hapo juu, wala hawajui ni siku gani. Salamu ya wote ni "Moin", asubuhi, mchana na usiku. Nikaambiwa anayesema "Moin moin" huhesabiwa mropokaji.

Nikanunua mkate wa samaki, siki na vitunguu, nikasimama mbele ya lori la maua kuula. Mikono, naomba ieleweke, haikuwa mfukoni kwa sababu mmoja ulikuwa na mkate. Mchuuzi alikuwa ameshika mti mrefu kuliko yeye, anaimba bei, bei inashuka. Umati unacheka. Ndipo shakwe akaja. Hakuja kama ndege, alikuja kama mtu anayedai deni. Nikauinua mkono wa kulia kumfukuza.

Mchuuzi akaninyooshea kidole. Umati wote ukageuka. Mtu akapiga makofi, wenzake wakamfuata.

Nilitaka kueleza kwamba mkono ule ulikuwa wa ndege. Lakini Kijerumani changu kilikuwa "Moin" na "danke", na ukimwambia mtu "Habari, asante" huku ukitikisa kichwa hujakataa kitu. Mnazi ukapita juu ya vichwa vya watu, mkono kwa mkono, kama maiti ya mtu maarufu, ukanifikia kifuani. Euro 10. Nikalipa. Shakwe alikuwa ameshaondoka na mkate.

Nikaona nikiurudisha nyumbani nitapoteza siku nzima. Nitatembea nao tu, mji nitauona. Nikashuka gatini nikapanda feri namba 62 kwenda Landungsbrücken, kwenye magati makuu katikati ya mji. Feri ikaondoka ikielekea upande mwingine kabisa.

Watu wa Hamburg watakwambia feri ile ndiyo matembezi bora ya mji kwa bei ya basi, na ni kweli kama huna mti. Mimi nilipanda sitaha ya juu ili nione. Ilipotoka gatini, upepo ukayakamata makuti. Mtoto wa pwani nimepanda majahazi, lakini sikuwahi kuwa mlingoti. Nikasukumwa hatua nne, nikamkumbatia mzee mmoja aliyekuwa na mbwa, nikamwambia "Moin". Akasema "Moin". Mbwa akaukagua mnazi akaona unamfaa kwa haja zake. Hatukuzungumza tena.

Hata hivyo niliona. Meli ya makontena ilitupita karibu mno, jitu la chuma linalotembea kimya kama msikiti ulioamua kuhama. Huku kulia ni Övelgönne, ufukwe wa mchanga kabisa, watu wanatembea peku kwenye baridi ile ya Aprili kwa hiari yao. Pale pana jiwe la tani 217 lililoopolewa mtoni 1999 wakati wa kuchimba njia ya meli. Barafu ya zama za kale ndiyo iliyolibeba kutoka Sweden, na Wajerumani wakaliita Msweden Mzee. Nikalitazama kwa huruma. Na lenyewe halikuomba kubebwa. Nikafika mwisho wa safari, Finkenwerder, nikarudi na feri ileile, safari hii chini, nimeukalisha mti dirishani.

Kule Landungsbrücken kuna handaki la miguu lililofunguliwa 1911, linapita chini ya Elbe, mita 24 kwenda chini na mita 426 kwa urefu. Unateremka kwa lifti za zamani zilizotengenezwa kubeba mikokoteni, na kwa mara ya kwanza siku ile mzigo wangu ulionekana wa kawaida. Ukutani kuna vigae vyenye sanamu za samaki, kaa, hata panya na kiatu kikuukuu. Ukitokea ng'ambo unauona mji wote mbele yako, na minara yake. Nikaweka ndoo chini, nikapumzika kivulini mwa mnazi wangu. Uwe na kivuli chako Hamburg, na jua halipo!

Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu yaliyosimama juu ya maelfu ya nguzo majini, sikuuona vizuri kwa sababu watalii walikuwa wananipiga picha mimi. Ni maghala ya kahawa, chai, mazulia na viungo, na tangu 2015 ni urithi wa dunia. Nilipokuwa nasubiri Mchina mmoja amalize kupanga kamera, nikamkumbuka Bibi Salme, binti wa Sultani wa Unguja, aliyefika mji huu 1867 na mumewe mfanyabiashara. Akafiwa na mume 1870, kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto wadogo kwenye baridi hii. Mimi nalia na ndoo.

Ule ukumbi wa muziki uliofunguliwa 2017 juu ya ghala la zamani la kakao, wenye paa kama mawimbi, nao nilikusudia kuupanda. Ngazi yake ya umeme ina urefu wa mita 82 na imepinda, ukiwa chini huoni mwisho. Nikajitazama, nikautazama mnazi, nikaenda kupanda treni. Mlango wa treni ulifunga na kuti moja nje. Lilisafiri hivyo vituo vitatu.

Dada alinifungulia mlango, hakusema neno. Akajibana ukutani kutupisha, kama anayepokea mgeni aliyezoeleka. Shemeji alikuwa mezani anakula.

"Ule wa kwenye televisheni ni wa mjomba," akasema bila kuinua macho. "Wa dirishani ni wa rafiki yangu wa Bremen, na alikuja mara mbili, wa pili uko bafuni."

"Na huu wa kwenye kochi? Ulionikuna sikio?"

Wakatazamana. Dada akaziba mdomo kwa kanga.

Usiku nikampigia baba simu.

"Umeuonaje mji?"

"Una upepo, baba."

Kimya kikapita kirefu.

"Ndege?" akauliza.

"Ndege."

"Mkono gani?"

"Wa kulia, baba."

"Hata mimi," akasema, kisha nikamsikia akiulizia chai.