Kundi Likimeguka, Bango Liseme Nini?

Mwaka 2016 Keith Duffy wa Boyzone na Brian McFadden aliyekuwa Westlife walianza kupanda jukwaani pamoja kwa jina la Boyzlife. Ni wawili tu, kila mmoja katoka kundi lake, na onyesho lao hujaa vibao vya makundi yote mawili. McFadden aliwaacha wenzake wa Westlife mwaka 2004, nao waliporudiana mwaka 2018 walirudi wanne, yeye hayumo. Shabiki anayetaka kumsikia tena akiimba beti zake za ujana pamoja na mtu wa zama zile, basi mlango ni huo.

Makundi ya namna hii yamekuwa mengi: watatu kati ya saba, wawili kati ya watano, wakizunguka na nyimbo zilizotengenezwa na kundi zima. Wapo wanaoyapokea kwa mikono miwili, na wapo wanaosema huko ni kuuza kumbukumbu za watu vipande vipande. Nilikuwa na hawa wa pili kwa miaka mingi, na bado naona hoja yao ina uzito.

Wimbo wa kundi la pop hupangwa kwa kugawana sauti. Huyu anaanza ubeti, yule anaupokea, mwenye sauti ya juu anasubiri hadi karibu na mwisho ndipo afungue koo, na kiitikio ni cha wote. Ukiwaondoa watatu kati ya watano, kuna mistari inayobaki yatima. Itabidi aiimbe mtu ambaye haikupangwa kwa sauti yake, au wimbo ushushwe, au waitikiaji wa kukodi wazibe pengo. Sikio lililoishi na rekodi ile kwa miaka ishirini halidanganyiki. Halafu kuna wale wasiokuwepo. Aliyekataa kuzunguka, pengine kwa sababu ya afya au kwa kuchoshwa na maisha ya safari, huonekana ndiye aliyewasusia wenzake, na lawama za mashabiki humfuata hadi nyumbani.

Kilichonihamisha kwanza ni suala la riziki. Waimbaji wengi wa makundi ya pop hawakutunga nyimbo walizoimba. Mirabaha ya utunzi huenda kwa watunzi, na rekodi zenyewe mara nyingi ni mali ya kampuni. Baada ya miaka ya umaarufu, kilicho chake mwimbaji ni sauti yake na mapenzi ya watu. Ukimwambia asiimbe vibao vile mpaka wenzake wote wakubali kurudi, umempa kila mmoja wao kura ya turufu juu ya mkate wake. Sioni haki hapo.

Kingine ni muda. S Club 7 walivunjika mwaka 2003, na kuanzia 2008 Paul Cattermole, Jo O'Meara na Bradley McIntosh wakawa wakitumbuiza kama S Club 3. Wengi waliona kundi limepunguzwa, ingawa O'Meara ndiye aliyebeba sauti ya kuongoza katika nyimbo zao nyingi. Wote saba walikutana tena kwa ziara ya 2015. Februari 2023 wakatangaza kurudi kwa mara nyingine, na Aprili ya mwaka huohuo Cattermole akafariki akiwa na miaka 46. Anayesema atasubiri mpaka watimie wote anasubiri kitu ambacho hakuna awezaye kumwahidi. Wale waliokwenda kuwaona watatu wakati wengine wakisubiri saba, walimwona Cattermole.

Hata hivyo idadi si kipimo kizuri. Tazama The Temptations, kundi la soul la Marekani. David Ruffin, Eddie Kendricks na Dennis Edwards waliongoza vibao vingi vikubwa vya kundi hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wote watatu walikuwa nje, wakaungana kuzunguka kwa majina yao wenyewe, wakijitambulisha kama waongozaji wa zamani wa The Temptations. Kundi rasmi lilibaki na Otis Williams, mwasisi ambaye kwa nadra sana alishika sauti ya kuongoza. Ni nani hapo aliyekuwa The Temptations? Williams alilitunza kundi kwa miongo, na heshima hiyo ni yake. Ila aliyekwenda kusikia sauti zile alizipata kwa watatu waliotoka, na hakuwa na muda mrefu wa kuzipata: Ruffin alifariki Juni 1991, Kendricks Oktoba 1992.

Boney M. wanalifanya fumbo kuwa gumu zaidi. Bobby Farrell ndiye aliyecheza hadi dunia ikamkumbuka kwa viungo vyake, lakini sauti nzito ya kiume katika rekodi ilikuwa ya prodyuza wao, Frank Farian. Kwa upande wa wanawake, walioimba katika rekodi ni Liz Mitchell na Marcia Barrett. Maizie Williams alikuwa sura ya jukwaani. Baada ya kundi kuvunjika, zaidi ya mmoja wao alizunguka na Boney M. yake, na Farrell aliendelea hadi kifo chake Desemba 2010. Kwa kipimo cha sauti, Mitchell pekee angetosha kuliko Farrell na Maizie Williams wakiungana. Lakini siwezi kumwambia mtu aliyempenda Farrell tangu utotoni kwamba alichokiona si Boney M. Alimwona yule aliyemwona kwenye televisheni. Ninachodai ni kwamba bango limwambie wazi anakwenda kumwona nani.

Hapo ndipo sheria inapowaangusha watu. Bucks Fizz waliishindia Uingereza mashindano ya nyimbo ya Eurovision mwaka 1981 wakiwa wanne. Baadaye watatu kati yao, Cheryl Baker, Mike Nolan na Jay Aston, wakawa wanazunguka pamoja, lakini alama ya biashara, yaani haki ya kisheria ya jina, ilikuwa upande wa mwenzao wa nne, Bobby G. Walijiita Bucks Fizz asilia, ukazuka mgogoro, na mwishowe wakaishia kuwa The Fizz. Robo tatu ya sauti za kundi, na nusu ya jina! Katika zaidi ya majimbo 30 ya Marekani kuna sheria za kuzuia makundi ya bandia kujifanya ya kweli, na ni hatua njema, ila mwenye alama iliyosajiliwa kwa kawaida huachwa nje ya katazo. Kwa hiyo anaweza kuwapeleka jukwaani watu ambao hawakurekodi hata wimbo mmoja, akawa salama kisheria. Huyo ndiye ninayemwona tatizo, kuliko wawili waliobaki wakiimba vibao vyao kwa jina jipya.

Nakiri jina jipya lina gharama. Mutya Buena, Keisha Buchanan na Siobhan Donaghy, waasisi wa Sugababes, waliporudi pamoja mwaka 2012 ilibidi wajiite kwa majina yao ya kwanza, Mutya Keisha Siobhan, na hawakufika mbali. Mwaka 2022, jina la zamani likiwa limerudi mikononi mwao, walijaza hema katika tamasha la Glastonbury hadi watu wakazuiwa kuingia. Ni wanawake walewale. Kule Korea Kusini, watatu waliotoka TVXQ, kundi la watano, baada ya kuishtaki kampuni yao mwaka 2009 wakawa JYJ, na kwa miaka walionekana kwa nadra sana katika vipindi vya muziki vya televisheni, kiasi kwamba marekebisho ya sheria ya utangazaji ya mwaka 2015, ya kukataza wasanii kuzuiwa kuonekana bila sababu ya haki, yakapachikwa jina lao.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa UB40, kundi la reggae la Uingereza. Ali Campbell aliondoka mwaka 2008, kundi likaendelea na kaka yake Robin, na Ali akaunda upande wake. Kugombea jina kulikuwa kuchungu, na sidhani familia ile ilistahili. Lakini bango la upande wa Ali liliandika UB40 kisha majina ya waliomo: Ali, Astro na Mickey. Mickey alipoondoka mwaka 2018, likaandika Ali na Astro. Astro alipofariki Novemba 2021, likabaki na Ali Campbell.