The Birds: taharuki au usingizi?

Lalamiko la wengi wanaoitazama The Birds ya mwongozaji Alfred Hitchcock (1963), filamu ya kutisha kuhusu ndege wanaoshambulia watu, kwa mara ya kwanza ni lile lile: ndege wenyewe wako wapi? Filamu ina dakika 119. Shakwe wa kwanza anamparua Melanie, mhusika mkuu, kichwani takriban dakika ya 25, tena ni mmoja tu. Kundi la kwanza kushambulia watu, kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto, linakuja karibu na dakika ya 50. Kabla ya hapo tunamfuata binti wa kitajiri akiulizia jina la mtoto, akikodi boti, akivuka ghuba na kunyemelea nyumba ya watu ili aache kasuku wawili wadogo.

Wapenzi wa filamu za zamani hujibu upesi kwamba watazamaji wa siku hizi hawana subira. Jibu hilo ni la kivivu. Kuna sehemu za filamu hii zinazokwenda polepole zikakubana kifua, na nyingine zinazokwenda polepole zikakupeleka jikoni kuchemsha chai. Tofauti haimo kwenye saa. Imo katika swali hili: mtazamaji anajua nini ambacho mhusika hajui?

Mfano bora ni nje ya shule. Melanie ameketi kwenye benchi akivuta sigara. Nyuma yake kuna vyuma vya watoto kukwea. Ndani, watoto wanaimba wimbo wenye beti zisizokwisha. Kunguru mmoja anatua. Tunarudi kwa Melanie. Wanaongezeka wachache. Tunarudi kwake tena. Kisha kamera inakataa kuondoka: inabaki na uso wake kwa takriban nusu dakika, bila kutuonyesha vile vyuma. Katika enzi ambayo filamu nyingi za Hollywood zilikuwa na wastani wa sekunde 8 hadi 11 kati ya mkato na mkato wa picha, hata watu wa wakati ule waliihisi nusu dakika hiyo. Hatimaye anamwona kunguru mmoja angani, anamfuata kwa macho hadi anapotua, na vyuma vimejaa weusi mtupu. Hakuna muziki wa kututahadharisha, kwa kuwa filamu nzima haina muziki wa okestra. Ukiipunguza nusu dakika ile iwe sekunde tano, kunguru hawatakuwa wamepata muda wa kuongezeka kichwani mwako.

Sasa linganisha na chumba cha juu darini, kuelekea mwisho. Wenzake wamelala, Melanie anasikia mbawa, anachukua tochi, anapanda ngazi taratibu na kufungua mlango. Hapo anajua kila tunachokijua sisi: ndege wanaua, na wako ndani. Pengo la habari limezibwa, kwa hiyo polepole ile haileti hofu, inaleta hasira. Unamzomea. Watetezi husema anavutwa na kitu asichoweza kukieleza; huenda, ila filamu haikuweka akiba ya kutosha kulipia deni hilo.

Kanuni hiyo, hata hivyo, haimalizi kila kitu. Lydia, mama wa Mitch, yule mwanamume anayefuatwa na Melanie, anapoingia kwa jirani yake, Fawcett, anajua machache kama sisi. Lakini anaona vikombe vya chai vimevunjika, mishikio ikining'inia kwenye ndoano, na usiku uliotangulia tulimtazama akiokota vyombo vilivyovunjwa na shomoro nyumbani kwake. Hasemi neno. Anasimama, anasoma, nasi tunasoma pamoja naye. Kisha korido, chumba, maiti, na mikato mitatu ya haraka kuelekea macho yaliyodonolewa. Ile haraka ina makali kwa sababu imetanguliwa na ukimya. Hata barabara imetumika: gari lake linakwenda bila vumbi, linarudi likilitimua.

Panapostahili lawama kamili ni kilimani kwenye mchanga, Melanie anapomsimulia Mitch jinsi yeye Melanie alivyotelekezwa na mama yake mzazi. Habari ile inafaa baadaye, Lydia anapomkumbatia garini, lakini inatolewa kwa mdomo mtupu, watu wamesimama na glasi mkononi. Ningeikata nusu bila kusita.

Wanaoongeza kasi ya kuchezesha hadi mara 1.5 ili kuvuka sehemu kama hiyo wajue bei yake: nusu dakika ya benchi inakuwa sekunde 20. Na spika ndogo ya simu inameza sauti za mbali za mbawa, ambazo ndizo zinazobeba usiku wa kuzingirwa, pale familia inapokaa kimya nyuma ya madirisha yaliyopigwa mbao na ndege karibu hawaonekani.

Kisha alfajiri. Mitch anatembea kati ya maelfu ya ndege waliotulia, hatua moja baada ya nyingine, kwenda kulichukua gari. Linaondoka kwa mwendo wa kutambaa. Akikanyaga mafuta, watashtuka wote.