Tanga Mgonjwa Asiye na Kidonge Hana Heshima

Mzee wa sukari mtaani kwetu Ngamiani anaheshimika. Akifika msibani, chai yake isiyo na sukari inaletwa kabla hajavua kandambili, na hakuna anayemwambia "weka kijiko kimoja tu, hakidhuru". Mwenye presha ana vidonge mfukoni; akivitoa, baraza zima linanyamaza na mtu anakimbilia maji. Mwenye pumu ana kile kichupa cha kuvuta. Akikivuta, watoto wanaacha hata mpira.

Mimi nina siliaki, ugonjwa wa utumbo usiopatana na ngano. Nitoe nini mfukoni? Kidonge sina, sindano sina, hata dawa ya kuchua sina. Dawa yangu ni kutokula chapati. Hebu nenda wewe kawaambie watu wa Tanga maneno hayo saa moja asubuhi, supu ya pweza iko mezani na chapati inatoka moshi. Watakuuliza kwanza kama umegombana na mpishi.

Na mpishi mwenyewe ni mke wangu. Hapo ndipo balaa lilipo. Mimi fundi baiskeli, na mji huu baiskeli hazijawahi kwisha, lakini fundi wa baiskeli hasomeshi watoto. Ada ya shule nyumbani kwetu inalipwa na chapati na maandazi. Alfajiri nikifungua macho naona unga unaelea kwenye mwanga wa taa. Nimelala na ngano, nimeamka na ngano, nimeoa ngano.

Zamani, kabla haijajulikana naumwa nini, nilikuwa mgonjwa wa maana. Tumbo linajaa gesi, naharisha, nakonda, damu haipandi. Kila niendapo narudi na mfuko wa dawa: za minyoo, za taifodi, za vidonda vya tumbo, za kuongeza damu. Nikivipanga vidonge vyangu dirishani wageni walikuwa wanasikitika kwa adabu. Mwili ulipozidi kwisha ndipo mtaa ukaanza kunong'ona kwamba fundi kakanyaga waya. Nikapima, waya sijaukanyaga, wakasema kipimo kibovu.

Shangazi akanipeleka kwa mganga. Nimenyweshwa kombe, nimefukizwa ubani, nikaambiwa nina jini mlafi anayekula chakula changu kabla yangu. Tiba yake? Sinia la kaimati zilizozama shira, nile mwenyewe mpaka jini atosheke. Jini sijui kama alitosheka. Mimi usiku ule nilihamia chooni na taa yangu.

Aliyenipatia jibu ni daktari mmoja kijana, mpole, anaongea taratibu utadhani anakupa mkono wa pole. Akanieleza kwamba kwenye ngano, shayiri na nafaka moja ya nchi za baridi inayoitwa rai kuna protini, gluteni. Hiyo ndiyo inayofanya unga uvutike na andazi livimbe. Watu wengi wanaila, inapita, maisha yanaendelea. Kwangu mimi kinga ya mwili inaichukia, inapigana nayo, na kipigo kinaangukia utumbo mwembamba. Vinyweleo vile vinavyofyonza chakula vinalala, vinakwisha. Wageni wakija huku tunawaambia Tanga waja leo, waondoka leo. Chakula changu nacho kilikuwa hivyohivyo, na kikiondoka kinaondoka na madini yangu ya chuma. Ndiyo maana vidonge vya damu nilikuwa nameza bure.

Damu ikachukuliwa ikapelekwa mbali. Majibu yakaja, nikaandikiwa kamera: mpira unapita mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, unang'ata vipande vya nyama vikaangaliwe kwa hadubini. Lakini kabla ya kamera, daktari akasema, endelea kula ngano kila siku, usiache. Ukiacha mapema utumbo unaanza kupona, kipimo kinatoka safi, unaambiwa huna kitu. Mke wangu sijamwona na furaha ile tangu siku ya harusi. "Daktari kamwandikia chapati!" akawa anawatangazia wateja. Ndizo siku pekee ugonjwa wangu ulikuwa na dawa inayoeleweka, na dawa ilikuwa inauza.

Majibu ya kamera yalipotoka, ruhusa ikafutwa. Nikauliza, niache ngano mpaka lini? Daktari akanitazama kwa huruma. Maisha. Nikauliza, je, Idi? Akacheka. Nadhani alidhani natania.

Nikarudi nyumbani na sheria. Sufuria yangu mbali, mwiko wangu mbali, chujio langu mbali, kikaango changu kisiguswe na tawa la chapati. Kuna kipimo cha kimataifa kwamba chakula kisemwacho hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwenye kilo moja. Nikamsomea mke wangu. Akapangusa mikono kwenye kanga, akauliza, "Miligramu ishirini kwa mizani ya nani, baba watoto? Mimi unga napima kwa kopo." Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: aondoe unga ndani ya nyumba au aniondoe mimi, kwa sababu kati yetu sisi wawili anayelipa ada ni unga.

Tukapatana. Yeye kahamia banda la uani, mimi nina ndoo ya plastiki yenye kifuniko, vyombo vyangu mle, juu imeandikwa kwa wino mwekundu CHA BABA MSIGUSE. Mtoto wa jirani kasoma, kawaambia wenzake baba huyu ana ugonjwa wa kuambukiza. Nikaanza kupewa salamu za mbali.

Mtu anaweza kusema, wewe uko pwani, una wali wa nazi, una ugali, una muhogo, unalia nini? Ni kweli, na hilo nalishukuru. Mchele, mahindi, mtama, ulezi, muhogo, magimbi, vyote halali yangu. Nimerudia bada la makopa kwa mchuzi wa papa, chakula ambacho shemeji zangu wa Dar wakikiona wanauliza kama huku mvua hazikunyesha. Kahawa naenda barazani nakunywa na kashata yangu, nazi na sukari, hapana neno.

Tabu ni ngano inayojificha. Kitumbua cha bibi zetu ni mchele, nazi, hamira, iliki na sukari, basi. Siku hizi muuzaji anatia na unga wa ngano, kidogo tu, eti vishikane. Ukimuuliza kama kuna ngano anasema hamna. Ukimuuliza vinashikana na nini, anasema na hiyo ngano kidogo. Samaki wa kukaanga kapakwa unga asishike kwenye kikaango. Chipsi ni viazi, viazi havina neno, lakini mafuta yale asubuhi yamekaanga sambusa na jioni yatakaanga kachori. Mishkaki imelazwa kwenye sosi ya soya, nayo sosi ile nyingi inatengenezwa na ngano. Nani angedhani nyama ya ng'ombe inaweza kunirudisha chooni?

Unga wa lishe ndio ulionikasirisha kuliko vyote. Nimekonda, nikasema nipate uji wa lishe. Nasoma pakiti: mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga, raha tupu, naanza hata kutabasamu, mwisho kabisa, ngano. Ilikuwa inafanya nini pale? Nikamgeukia mwenye duka, nikamwomba kitu kingine cha uji, akanipa semolina. Nikamwambia semolina ni ngano. Akaniangalia vizuri, akasema, "Hapana mzee. Ngano ni ngano. Hii semolina."

Na Ramadhani! Mchana sina shida, mchana sote hatuli, ni saa pekee ninazofanana na Waislamu wenzangu. Adhana ya magharibi ikilia tu natengwa. Tambi, ngano. Sambusa, ngano. Kaimati, ngano. Uji wa shayiri, shayiri. Nasogea pembeni na magimbi yangu, na kila mwenye nyumba ananifuata na sahani. "Kidogo tu." "Onja tu, usinivunje moyo." "Hii nimepika kwa mkono wangu." Ukimwambia mtu wa Tanga huwezi kula chapati yake, haendi kufikiria utumbo wako. Anafikiria amekukosea nini. Mzee wa sukari akikataa kaimati, wanamsifu kwa kujichunga. Mimi nikikataa, wanasema fundi siku hizi anajisikia.

Halafu nikapona. Hilo ndilo limeniharibia kabisa. Bila ngano tumbo likatulia, damu ikapanda, mashavu yakarudi. Ningekuwa nimepona kwa vidonge, wangesema dawa inafanya kazi, endelea nayo. Kwa kuwa nimepona kwa kutokula, wanasema si umeshapona, basi kula.

Daktari akaniambia ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo. Ndugu wa damu wa karibu, wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja, karibu mmoja kati ya kumi naye anaweza kuwa nao, hivyo wakapime. Nikamwita mdogo wangu, yule ambaye kila siku analalamika gesi. Akanisikiliza vizuri, akauliza wakimkuta nao atafanywaje. Nikamwambia ataacha chapati. Akainuka, akapanda baiskeli. "Kaka, mimi gesi yangu ni ya maharage."

Sasa wiki hii barazani wakaniuliza huyo aliyegundua kwamba ngano ni mbaya ni nani, maana wanamtafuta. Nikawasimulia nilivyosimuliwa. Daktari Mholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiwatibu watoto wenye ugonjwa huu na alishaanza kuishuku ngano kabla ya vita. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Uholanzi ikapigwa na njaa, mkate ukaadimika, wenzao wanakonda, watoto wake wagonjwa wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 akayaandika yote. Mzee mmoja akatikisa kichwa: "Yaani mpaka njaa iingie ndiyo wewe unenepe. Kweli Mungu ana viumbe."

Hapo ningenyamaza, ingekuwa vizuri. Lakini nikaongeza kwamba kabla ya huyo, mwaka 1924, kulikuwa na daktari wa Marekani, Sidney Haas, aliyekuwa akiwalisha watoto hao ndizi, ndizi kwa wingi, na wakawa wanapona.

Baraza likasimama. Kumbe dawa ipo! Ndizi! Nikasema subirini, haikuwa ndizi, ni kwamba aliwanyima mkate. Watoto waliorudia mkate wakaugua tena. Nikaeleza mpaka kahawa ikapoa. Nani anasikiliza? Mji mzima umekuwa ukinitafutia dawa, na dawa imepatikana, tena inauzwa soko la Mgandini.

Tangu siku ile, wallahi, nimekuwa mtu. Napita Barabara ya 12 naitwa, "Fundi, umeshakula ndizi leo?" Mwenye genge ananiwekea kichane. Msibani nimeletewa ndizi kwenye kisahani, mzee wa sukari kanisogelea tukaketi pamoja, wagonjwa wawili wanaotambulika. Sikubisha tena. Mtu akikuheshimu kwa sababu isiyo sahihi, bado amekuheshimu.

Jana mama mkwe akashuka kutoka Muheza na mkungu mzima, habari zimemfikia. Mama mkwe wangu simtazami usoni, sembuse kukataa mkono wake. Kaingia jikoni mwenyewe, kakataa kusaidiwa, na baada ya muda sinia likatoka limefunikwa kawa. Nikafunua. Ndizi mbivu, zimekaangwa, rangi ya dhahabu, zimevaa koti.

"Mama," nikasema nikiangalia mkeka, "hii iliyozizunguka ni nini?"

"Unga mwepesi tu, baba. Ndizi tupu zinanyonya mafuta."

Mke wangu akaanza kuhesabu mabati ya dari. Nikajikaza, nikasema, mama, ahsante sana, Mungu akuzidishie, ila daktari wa ndizi alisema ziliwe za kumenya, bila kukaangwa.

"Yule wa Marekani?"

"Huyohuyo, mama."

"Mpigie simu umwambie mkweo amekuja."

"Mama, huyo alishakufa zamani."

"Ehee!" akasema, akanisogezea sinia mpaka magotini. "Atakosaje kufa, kula vitu vikavukavu?"