Achore Yeye, Ajenge Yeye

Nyumba ya marehemu ami yangu pale Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ina ghorofa mbili, baraza mbele, na chumba kimoja cha juu ambacho hatukilali tena. Boriti zake zimefanya tumbo, na kila masika unga mwekundu wa udongo unamwagika juu ya vitanda. Warithi tumo kumi na mmoja: wengine tupo Unguja, wengine Muscat, mmoja Leicester. Mwaka huu tumekubaliana jambo moja tu, kwamba nyumba itengenezwe. Nani aitengeneze, hapo ndipo kundi letu la WhatsApp lilipowaka moto.

Mbele yetu tuna barua mbili. Ya kwanza imetoka kwa kampuni inayosema itafanya yote: itapima, itachora, itafuatilia kibali, itajenga, kisha itatukabidhi funguo. Mkataba mmoja, bei moja, mtu mmoja wa kumshika shati. Ya pili ni ya msanifu majengo anayetaka achore kwanza, mkadiriaji majenzi atoe hesabu ya vifaa na kazi, ndipo wakandarasi waitwe kushindania bei, naye abaki kuwa jicho letu mpaka mwisho. Wahandisi wanazijua njia hizi kwa rangi za vitabu vya mikataba vya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, vya 1999: chekundu ni cha kazi ambayo mchoro ameuleta mwenye mali, cha manjano ni cha kazi ambayo mkandarasi anachora mwenyewe. Kiponda hakuna aliyetuletea kitabu cha rangi yoyote, lakini ugomvi ni huohuo.

Binamu yangu wa Muscat anautetea mkono mmoja, yaani kampuni ichore na ijenge yenyewe, na hoja yake kubwa si ya kupuuzwa. Nyumba mpya unaweza kuichora yote kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Nyumba ya Mji Mkongwe haichoreki hivyo. Ukuta wake una unene wa sentimita 50 au 60, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na ndani yake mna siri: mlango ulioziba tangu enzi ya babu, bomba la maji machafu lisilojulikana linakoelekea, ncha za boriti zilizooza ilhali kwa chini unaziona nzima. Hizo boriti za mikoko, nyingi zilikuwa zikivushwa kutoka delta ya Rufiji, ndizo zilizotupangia upana wa vyumba. Urefu wake wa kutumika ni mita 2.5 hadi 3 hivi, na ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama jahazi. Mchoro wa mtu aliyetazama kwa nje utasema badilisha boriti sita. Bandua plasta, zinakuwa kumi na nne.

Sasa fikiria ukweli huo unapofunuka wakati mchoraji ni mmoja na mjenzi ni mwengine. Fundi anasimamisha kazi. Mkandarasi anaandika barua kwamba hili halikuwamo kwenye bei. Msanifu anajibu kwamba lilitakiwa lionekane kwenye ukaguzi wa zabuni. Barua zinakwenda na kurudi, na paa liko wazi. Ikiwa ni Februari, masika yako njiani, na mvua ya Machi hadi Mei haisubiri mtu amalize kusoma barua. Gharama ya ubishi wa wiki tatu juu ya sakafu ya chokaa iliyofunuliwa inaweza kuzidi ada yote ya msanifu. Kwa mkono mmoja, aliyechora ndiye aliyefunua, na jawabu linatoka siku hiyohiyo. Akikosea hana wa kumsingizia. Hilo ni jambo kubwa, na wanaouponda mkataba wa namna hii kwa kawaida hawajawahi kusimama chini ya paa lililofunuliwa wingu likija kutoka Chumbe.

Lakini rudi kwenye zile boriti kumi na nne. Nani amezihesabu? Yuleyule atakayelipwa kuzibadilisha. Ni kama daktari anayekuandikia dawa huku duka la dawa ni lake. Huenda dawa ni ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba hapana mtu chumbani wa kukwambia kuwa siyo.

Na kwa nyumba za chokaa jambo hili halikomei kwenye idadi, linaingia kwenye aina ya dawa. Chokaa ina mwendo wake. Mawe ya matumbawe yanachomwa tanuuni, yanazimwa kwa maji, kisha chokaa inalazwa shimoni wiki kadhaa, ikiwezekana miezi, ndipo iwe laini ya kutumika. Ukutani nako inakauka polepole, ikivuta kaboni dioksidi iliyomo hewani. Sakafu za zamani zilipigwa kwa vigongo siku nyingi mfululizo, watu wakiimba, mpaka zikashikana zikawa hazipitishi maji. Saruji unaichanganya asubuhi, na kesho yake unaikanyaga. Kampuni iliyokuahidi bei moja na tarehe moja ya kukabidhi, kila siku iliyookolewa ni faida yake. Hata wakiwa watu wema, mkataba wenyewe unawasukuma kwenye saruji.

Ukuta wa matumbawe unanyonya maji kutoka ardhini, na chumvi pamoja nayo. Plasta ya chokaa inayaacha yatoke. Plasta ya saruji inayafungia ndani. Misimu michache tu, plasta inavimba na kubanduka kama magamba ya samaki, na unyevu uliokosa pa kutokea unapanda mpaka kwenye ncha za boriti, ambako mchwa wanausubiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumeimbishwa tangu skuli. Methali haikusema uzibe kwa nini, na Mji Mkongwe una kuta ambazo maradhi yake yalianza siku ufa ulipozibwa.

Hapa niseme neno dhidi ya upande wangu mwenyewe. Wapenzi wa chokaa, na mimi nimo, tunapenda kudai kwamba sakafu ya zege ni nzito mno kwa kuta za zamani. Hesabu haitusaidii sana. Zege la nondo lenye unene wa sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya zamani, boriti na mawe na chokaa iliyoongezwa tabaka juu ya tabaka kila paa lilipovuja, inaweza kuwa na unene zaidi ya mara mbili ya hapo, na uzito wake ukapita huo wa zege. Ubaya wa zege uko kwengine. Ni gumu, na ukuta ni laini. Ili likae, mafundi wanachimba mfereji katika ukuta ambao nusu yake ni wa jirani. Na nondo, kwa hewa yetu ya chumvi, zinaanza kutu mapema zikiwekwa kwa haraka. Kampuni inayojua haya na bado ikachagua zege mahali maalumu, kwa sababu inayoielezea, siikatai. Ninayemwogopa ni yule anayechagua zege kwa sababu hajui kingine.

Watu hutaja mkono mmoja kama fasheni iliyoletwa na wajenzi wa mahoteli. Siyo. Nyumba nyingi za karne ya 19 zilijengwa na fundi mkuu aliyekuwa na mchoro wote kichwani, akipima kwa mkono na kamba. Msanifu anayekaa ofisini na kumwachia mwengine ajenge ni mgeni zaidi kuliko huyo. Tulizoea kumwona enzi ya Waingereza, John Sinclair aliposanifu jengo la mahakama Vuga na makumbusho ya Beit el Amani, yaliyofunguliwa 1925. Kwa hiyo hoja ya mila ingeniangusha. Ila tofauti ipo. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa akikaa palepale, juu ya kiti, kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na chokaa aliijua kama alivyoijua karafuu. Fundi mkuu alikuwa na wa kumwambia hapana. Sisi mwenye nyumba wetu yuko Leicester, anatumiwa picha.

Kuna wanaosema jicho hilo tunalo bure, ni la serikali. Kweli, ndani ya eneo la hifadhi huwezi kugusa nyumba bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985 na kupewa sheria yake 1994, miaka sita kabla UNESCO haijauingiza mji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mkaguzi atatazama roshani, milango, madirisha, urefu wa jengo na vifaa. Kama nyumba ni ya wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo ina lake. Lakini hao wanalinda mji. Mfuko wako si kazi yao. Boriti kumi na nne au sita, mkaguzi hana habari, madhali zimewekwa za mikoko. Kibali nacho hakizuii kila kitu: Beit el Ajaib, jengo la 1883, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Simtaji mtu wala sitoi hukumu ya chanzo. Ninachosema ni kwamba siku za hatari kwa jengo kongwe ni zile ambazo limefunuliwa, na siku hizo ndizo zinazohitaji mtu wa tatu mwenye mamlaka ya kusema simamisha.

Kwetu Kiponda liko jambo jengine ambalo barua zote mbili hazikuligusa. Mkono mmoja unataka mwenye nyumba mwenye kauli moja. Kampuni ikikuuliza Jumanne kama chumba cha juu kiwe na choo, inataka jibu Jumatano, kwa sababu mafundi wako kazini na kila siku inahesabiwa. Sisi kumi na mmoja hatujawahi kutoa jibu la Jumatano. Njia ya msanifu, kwa ucheleweshaji wake wote, inatupa nafasi ya kugombana juu ya karatasi, na karatasi ni rahisi kuliko ukuta. Kwa hiyo kwa mtu mwenye nyumba yake peke yake, anayeishi mjini na anayepita kila siku akitoka Darajani, ningemwambia achukue kampuni ya mkono mmoja na asisumbuke. Kwa warithi, hapana, mpaka wamwandikie mmoja wao uwakala kwa karatasi, kauli yake iwe ndiyo yao.

Njia ya tatu, ya kumwita fundi na kununua vifaa wenyewe, wazee wetu walioko mjini wanaipenda kwa sababu inaonekana rahisi. Kwa kupaka na kutomea sina neno. Kwa kubadilisha sakafu ya ghorofa iliyoegemea ukuta wa jirani, sitaki hata kuijadili.

Nilichopendekeza kwenye kundi ni kuikata barua ya kwanza vipande viwili. Kampuni ilipwe kwanza kwa upekuzi tu: ibandue plasta mahali panapotiliwa shaka, ifunue ncha za boriti, ipime, ichore, iandike ilichokiona, na michoro iwe mali yetu hata tukiachana. Bei ya kujenga itajwe baada ya hapo. Mhandisi tunayemlipa wenyewe, aliyesajiliwa na bodi ya Zanzibar, aje kwa siku maalumu, khasa siku ya kufunua na siku ya kufunika, na malipo ya kila hatua yasitoke bila yeye kutia saini. Tuweke kando asilimia 15 hadi 20 kwa yatakayofunuka, pesa iliyo mkononi mwetu, si ndani ya bei yao. Asilimia 5 hadi 10 izuiliwe mpaka kiishe kipindi cha matazamio, ambacho kasoro zikitokea kampuni inazirekebisha yenyewe, na kipindi hicho kimeze masika nzima, maana paa lisilopitiwa na masika halijajaribiwa. Na kiandikwe kifungu kwamba kila kinachotolewa, mlango, bawaba, njumu za shaba, hata boriti iliyo nzima, ni chetu. Mlango wa nyumba ya shangazi ulitoka "kwenda kusafishwa" na mkandarasi ambaye sitamtaja, na mpaka leo uko safarini.

Kampuni imelikubali wazo la upekuzi, imenung'unika juu ya mhandisi, imekikataa kifungu cha milango kisha ikakikubali. Binamu wa Muscat anasema nimeongeza miezi miwili. Ni kweli, nimeiongeza. Wiki iliyopita nilikwenda kwenye yadi yao, nikamuuliza msimamizi swali moja tu: shimo lenu la chokaa liko wapi? Alinitazama, akasema chokaa wataagiza kazi ikianza. Nilimjibu basi kazi haijaanza. Juzi amenitumia picha: shimo limechimbwa, chokaa imelazwa, juu yake maji kiasi cha viganja viwili. Ukutani hawajagusa kitu.