Mteja wa Nyumba Mombasa Humfuata Dalali au Kampuni?

Kijana anayeingia kazi ya uwakala wa nyumba hapa Mombasa hukutana mapema na uamuzi mgumu: ajiunge na kampuni yenye jina na akubali kugawana kamisheni, au abaki na simu yake na watu anaowajua. Wanaomshauri ajiunge husema mteja huamini jina. Wanaomshauri ajitegemee husema mteja huamini mtu. Wote wana ukweli, ila kila mmoja anamzungumzia mteja wake bila kumtaja. Kwa ninavyoiona biashara hii, mteja aliye karibu na nyumba humpima dalali, na aliye mbali nayo huipima kampuni.

Tuwatazame kwanza walio karibu. Majengo, Likoni na Kisauni kuna nyumba nyingi zinazouzwa bila ardhi. Muuzaji anamiliki kuta na paa, kiwanja ni cha mtu mwingine ambaye hulipwa kodi ya ardhi. Anayetaka kununua nyumba ya namna hii ana maswali ambayo picha nzuri mtandaoni haziyajibu. Mwenye ardhi yuhai, au sasa ni warithi wasioelewana? Kodi ina malimbikizo? Mnunuzi akitaka kupandisha ghorofa, atakubaliwa? Benki kwa kawaida hazikopeshi kwa nyumba isiyo na hati ya ardhi, kwa hivyo pesa inayotoka ni akiba ya familia, na kosa moja linaimaliza yote. Dalali aliyekulia mtaani anajua risiti za kodi huandikwa na nani. Anaweza kumpeleka mnunuzi hadi barazani kwa mwenye ardhi jioni hiyohiyo, wakakaa wakazungumza. Hapo fulana ya kampuni haiongezi kitu. Pengine hata hupunguza, maana muuzaji akiiona huanza kuhofia gharama na makaratasi.

Mji wa Kale ni vivyo hivyo. Baadhi ya nyumba kule ni wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi kama mali nyingine. Mtu wa mtaa hulijua hilo kabla hajapanda ngazi na mteja. Wakala aliyetumwa kutoka ofisini huenda akalijua siku wakili anapouliza karatasi, baada ya mteja kuipenda nyumba na kuanza kupanga vyumba.

Sasa mgeuze mteja. Mwenye fleti Nyali anafanya kazi Nairobi, au yuko Dubai, au Uingereza. Hana nafasi ya kukaa barazani na mtu. Anachouliza ni kodi inaingia akaunti gani, dipoziti ya mpangaji inakaa wapi, na likitokea tatizo atamshika nani. Dalali wa pekee anayepokea kodi kwa M-Pesa yake mwenyewe anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini uaminifu wake hauonekani kutoka mbali. Kampuni iliyojipanga humtumia mwenye nyumba karatasi kila mwezi: kodi iliyopokelewa, pesa ya fundi wa mabomba, ada ya usafi wa jengo, kamisheni, na salio lililopelekwa benki. Karatasi hiyo ndiyo inayoshinda mteja wa mbali, kwa sababu ndiyo anayoweza kuikagua akiwa huko aliko.

Mgeni asiye raia naye yuko kundi hilo. Katiba ya 2010 inampa umiliki wa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99 tu. Akipewa maelezo hayo mapema, kwa maandishi, na ofisi yenye anwani, hutulia. Akiyasikia katikati ya mazungumzo ya bei, huanza kushuku kila kitu alichoambiwa kabla ya hapo.

Kuna hoja moja ya wapenda kampuni ambayo siikubali: kwamba jina la kampuni ni kibali tosha. Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura ya 533, iliyotungwa mwaka 1984, inamtaka mtu mwenyewe anayefanya kazi hii asajiliwe na bodi ya usajili wa mawakala. Kibao cha kampuni hakimsajili kijana aliyeajiriwa jana. Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni hutoka Marekani, ambako wakala mchanga hana budi kuwa chini ya broka mwenye leseni, na ndiyo maana kule kuchagua kampuni ni hatua ya kwanza. Hapa kwetu hatua ya kwanza ingekuwa usajili, na inasikitisha kuona wengi wakikimbilia fulana kabla yake.

Upande wa pili nao una doa lake. Madalali wanaotoza pesa ya kuonyeshwa nyumba kisha wakazima simu wamewachafulia jina wenzao wote wanaojitegemea. Mpangaji aliyechezewa hivyo mara moja ana haki ya kutafuta ofisi yenye mlango anaoweza kuurudia. Kampuni nazo zina la kujibu. Kampuni inayozuia bila sababu dipoziti za wapangaji wanaohama hutajwa kwenye kila kundi la WhatsApp la mtaa, na wakala wake mpya hukuta milango imefungwa kwa kosa asilolifanya.

Halafu tazama mambo ya mauzo yalivyo. Pita barabara za ndani za Nyali utaona lango moja lina vibao vya mawakala watatu, nyumba ni ileile. Mwenye nyumba amewapa wote, na atakayemleta mnunuzi wa kwanza ndiye atakayelipwa. Katika mashindano hayo jina halina uzito, kasi ndiyo kila kitu. Jina huanza kuwa na maana pale kampuni inapopata mkataba wa kuuza peke yake, ikawa na sababu ya kugharamia picha, soroveya na ukaguzi wa hati. Kijana anayejiunga na kampuni isiyo na mikataba ya namna hiyo anagawana kamisheni bila kupewa silaha. Chukua nyumba ya shilingi milioni 12 kwa kamisheni ya asilimia 3: ni shilingi 360,000. Wakigawana nusu kwa nusu, ameiachia kampuni 180,000. Kama mnunuzi alimleta yeye, muuzaji alimleta yeye, na kampuni ilitoa kadi tu, hiyo ni bei kubwa mno ya kadi.

Kwa hiyo kijana anayefanya kazi Nyali na Shanzu, ambako wenye mali wengi hawapo, ningemwambia ajiunge, tena na kampuni inayotunza hesabu za wateja vizuri hata kama si maarufu. Wa Likoni au Kisauni anaweza kusimama mwenyewe, mradi asajiliwe na aache kabisa kupokea kodi za watu kwenye laini yake.

Na anayejiunga aulize jambo moja kabla ya kutia saini: siku akiondoka, wateja aliowaleta wanabaki wa nani? Kampuni nyingine humpa wakala laini ya ofisi, akajibu wateja kwa namba hiyo mwaka baada ya mwaka, na akiacha kazi laini inabaki mezani pamoja na kila mtu aliyekuwa akimpigia. Hilo liandikwe kwenye mkataba mapema, likitaja laini, majina ya wateja aliokuja nao, na kamisheni ya mauzo yatakayokamilika baada ya yeye kuondoka.