Hata Karata Zina Virusi

Kibao cha mlangoni kilisomeka: PHOTOCOPY, TYPING, LAMINATION, TUNATOA VIRUSI SH 5,000. Hiyo ya mwisho niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana inaniuma hadi leo.

Ilikuwa mwaka 2010, steshenari ya chumba kimoja Ngamiani, Tanga, na kompyuta moja ya Windows XP yenye modemu ya kuchomeka. Mwalimu alikuwa kwenye benchi akisubiri nimchapie mtihani wa Kidato cha Pili. Mimi nikawa natafuta nyimbo za bure. Mara likaibuka dirisha la My Computer, bluu ile ile tunayoijua, mstari wa kijani unakimbia na virusi vinahesabiwa: 5, 17, 38.

Dirisha lilidai diski C na diski D zote zinaumwa. Kwenye mashine yangu D ilikuwa tundu la CD, na humo mlikuwa na taarabu. Ukaguzi mzima uliisha kwa sekunde kama 20, wakati antivirusi ya kweli kwenye kile kikongwe ilikuwa inanipa muda wa kwenda kula wali na kurudi. Na lau ningejaribu kuliburuta lile dirisha nje ya kivinjari lisingetoka, maana ni picha tu iliyochorwa ndani ya ukurasa. Sikujaribu. Nilibonyeza Cancel. Kwenye michoro ya aina hiyo, Cancel, OK na msalaba mwekundu wa pembeni ni kitufe kimoja kilichovaa nguo tatu: popote utakapogusa, faili linashuka. Pa kukimbilia ni Ctrl+Shift+Esc, ifunguke Task Manager, ukiue kivinjari chote. Mimi likaniuliza Run, yaani faili liendeshwe, nikajibu Run. Adabu tu.

Baada ya dakika moja ngao ikajipachika kando ya saa, jina lake Antivirus Soft. Nikafungua Word: faili limeambukizwa, haliwezi kufunguka. Notepad, limeambukizwa. Kikokotoo, kimeambukizwa. Task Manager, hivyo hivyo. Kwa kukata tamaa nikafungua Solitaire.

"Hata karata zina virusi?" mwalimu akauliza.

"Vimesambaa, mwalimu."

Tiba ilikuwepo, kwa dola 49.95, kama shilingi elfu sabini za wakati ule. Mwalimu akacheka, akasema hakuna mtu wa kulipa hizo. Wapo, tena tele: mwaka 2012 mahakama ya Marekani iliamuru zaidi ya dola milioni 163 zilipwe katika kesi ya FTC, tume ya huko inayolinda walaji, dhidi ya wauzaji wa WinFixer na ndugu zake, ukoo huu huu wa tiba za uongo. Mimi kilichoniokoa si akili. Sikuwa na kadi ya benki.

Nikazima, nikawasha huku nikigonga F8, nikachagua Safe Mode. Huko Windows haiamshi programu zilizojiandikisha kwenye orodha ya Run, ile ya programu zinazojiwasha zenyewe, kwa hiyo jambazi likabaki limelala. Nikaruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane kwenye Folder Options, nikaingia Documents and Settings, jina langu, Local Settings, Application Data. Nikalikuta folda lenye jina la herufi ovyo, kama mtoto kakalia kibodi. Nikafuta. Kisha regedit, kihariri cha daftari la mipangilio ya Windows, nikashuka HKEY_CURRENT_USER hadi CurrentVersion, Run, nikatoa mstari unaoelekeza kwenye lile folda. Nikawasha upya. Kimya! Ngao hakuna, Word inafunguka. Mwalimu akapata mtihani wake, nami nikajiona daktari bingwa.

Kufungua barua pepe, intaneti hakuna. Modemu taa inawaka, imeunganika, lakini hakuna ukurasa unaokuja. Nikaichomoa, nikavuka barabara mbio hadi kwa dada wa vocha.

"Dada, jana umeniuzia kifurushi hewa!"

"Kaka, teremsha sauti kwanza."

Sikuteremsha. Nikasema wizi, nikasema nitaita watu, na watu wakaja bila kuitwa. Yule dada akaichukua modemu taratibu, akaichomeka kwenye laptopu ya saluni ya jirani. Ukurasa wa kwanza ukafunguka. Wa pili ukafunguka. Mwanamke aliyekuwa anasukwa akageuza shingo kunitazama, msusi akamrudisha kichwa.

Nilirudi dukani kwa uchochoro. Internet Options, Connections, LAN Settings: kisanduku cha proksi, yaani mpatanishi wa kupitishia intaneti, kina tiki, anwani 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta yenyewe, mlango 5555. Jambazi lilikuwa limejiweka katikati ya kivinjari na dunia, lichague kipi kipite na kipi kizuiwe. Nilipoliua, kivinjari kikaendelea kubisha hodi kwenye mlango 5555 wa kompyuta yangu mwenyewe, ambako hakuna mtu ndani. Nikaondoa tiki, nikabonyeza OK mara mbili, barua pepe zikamiminika. Nikamalizia kwa Malwarebytes kusafisha masalia, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuvuka barabara.

Nilienda kumwomba radhi yule dada na soda baridi mkononi. Alipokea. Lakini tangu siku ile, nikienda kununua kifurushi, hanipi vocha kabla hajauliza mbele ya wateja wote: "Kaka, ile tiki umeshaitoa?"