Bakuli la Kale ni la Kupakulia

Juzi niliona mtandaoni picha ya bakuli la supu la kale, yale makubwa yenye kifuniko na masikio mawili. Kauri nyeupe, maua ya bluu ubavuni. Mwenyewe alikuwa amelitoboa kitako kwa keekee ili maji yapite, akajaza udongo, akapanda maua, kisha akaandika kwamba amelipa maisha mapya. Chini yake watu wakammiminia pongezi. Damu ilinichemka. Bakuli lile halikuwa na ufa wala pengo, glezi yake, yaani ule utando wa kioo unaofunika kauri, ilikuwa nzima iking'aa, na kifuniko chake kilikuwepo, jambo ambalo kwa chombo cha umri huo ni bahati, maana kifuniko ndicho hutangulia kuvunjika. Limepita mikono mingi, likanusurika masinki, watoto na kuhamahama, likaja kufia kwenye ncha ya keekee kwa sababu mtu alidhani chombo cha zamani kimeshastaafu.

Dhana hiyo ndiyo inayoniudhi: kwamba ukikipenda chombo cha kale basi kitundike ukutani, kifungie nyuma ya kioo cha kabati, kipige picha, ila usikilie chakula. Mimi nashikilia kwamba chombo cha mezani kinunuliwe kwa nia ya kupakulia. Na nia hiyo hubadilisha hata namna ya kuchagua. Anayenunua pambo hutazama ua na rangi, akalipa, akaondoka. Anayenunua huku akiwaza upawa hutazama kina, uzito, mdomo na kitako, na mara nyingi huyo ndiye anayetoka na chombo bora.

Kwanza lishike. Usiliangalie tu mezani kwa muuzaji. Liinue kwa mikono miwili na ujiulize litakuwaje likijaa. Bakuli la lita tatu likijazwa supu limeongezewa kama kilo tatu juu ya uzito wake, na hizo zitapita juu ya vichwa vya walioketi. Masikio yake yanaingiza vidole vikiwa vimeshika kitambaa, au yaliwekwa kwa urembo tu? Kisha lizungushe na upapase palipounganishwa sikio na tumbo, kwani hapo ndipo ufa hupenda kujificha.

Halafu liweke mahali palipo sawa na ulibonyeze ukingo upande mmoja. Kauri hasa huchomwa kwa joto la digrii 1,300 na zaidi, na humo tanuruni hulainika kidogo, hivyo vyombo vingi vya zamani vimepinda kiasi. Mimi upindo mdogo naupenda. Unaonyesha chombo kimepita motoni. Lakini bakuli la kupakulia linaloyumba litagonga meza kila upawa unapoingia, na utalichukia kabla mlo haujaisha. Liache, hata kama maua yake yanakuita.

Funga macho, pitisha ncha ya kidole mdomoni mwake mzunguko mzima. Pengo dogo kidole hulijua kabla ya jicho. Ligonge kwa ukucha likiwa limeketi juu ya kiganja: kauri nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa. Vyombo vya udongo laini havilii hivyo hata vikiwa vizima, kwa hiyo usivihukumu kwa mlio. Mwisho linyanyue kwenye mwanga. Kauri nyembamba itakuonyesha kivuli cha vidole vyako upande wa pili, na ufa, au sehemu iliyogundishwa na kupakwa rangi juu, mara nyingi itajitokeza kama mstari au doa jeusi.

Angalia kina nacho. Bakuli pana lisilo na kina hupoza chakula upesi na linafaa vitu vikavu au vya baridi. Lenye tumbo refu na mdomo mwembamba hutunza moto. Wengi huyachanganya haya kwa sababu kwenye picha yote yanapendeza.

Kuhusu seti kamili: acheni kuzikimbiza. Seti za zamani zilikuwa na sahani nyingi na mabakuli ya kupakulia machache tu, ndiyo maana sahani zimezagaa na mabakuli ni ya kutafuta. Anza na bakuli moja au mawili unayoyapenda kweli, sahani zitafuata. Weupe mmoja huunganisha meza, na hata vyombo vya viwanda tofauti vikiwa na bluu moja vinakaa pamoja bila ugomvi. Mfano mzuri ni ule mchoro wa mti wa mwerebi (kwa Kiingereza "willow"), daraja na ndege wawili. Viwanda vingi vimeuchapa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 18, kwa hiyo unaweza kuokota bakuli hapa na kombe kule, meza ikasomana. Wauzaji wengi hukwambia ni mchoro wa Kichina. Si kweli. Ulibuniwa Uingereza kwa kuiga kauri za China, na kile kisa cha wapendanao waliogeuka ndege kilitungwa hukohuko ili vyombo viuzike. Haupungukiwi uzuri kwa hilo, lakini usilipie zaidi kwa hadithi.

Muhuri wa kitakoni ni msaada, si hukumu. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa kutoka nje ziandikwe jina la nchi, na ikaanza kutumika mwaka uliofuata, hivyo chombo chenye jina la nchi kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Vile vya Japani viliandikwa "Nippon" mpaka 1921, ndipo likaja "Japan". Ni maarifa mazuri ya kujua umri. Lakini nimeona watu wakipindua bakuli, wakasoma muhuri, wakalipa bila hata kulipapasa mdomo. Muhuri hauhifadhi supu.

Sasa, wale wa mapambo wana hoja moja, na sina budi kuwapa: risasi, ile metali yenye sumu. Kwa muda mrefu sana glezi za vyombo vya udongo zilitengenezwa kwa risasi, na rangi nyingi zilizopakwa juu ya glezi nazo zilikuwa na risasi au kadimiamu, metali nyingine yenye sumu. Chakula chenye uchachu, chakula cha moto, na chakula kilicholala ndani ya chombo ndivyo huitoa kwa wingi. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa hiyo hili si la kubishana. Kuna hata vyombo vyenye urani, madini yenye mionzi: rangi nyekundu ya awali ya Fiesta, vyombo vilivyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1936, ilipatikana kwa oksaidi ya urani, ikasitishwa 1943 serikali ilipoyahitaji madini hayo vitani, ikarudi 1959. Vinapendeza mno. Kwangu vitakaa rafuni bila kuguswa na chakula, na nakubali hilo kwa shingo upande.

Lakini angalieni hoja hiyo inatupeleka wapi. Haisemi "usilie chakula kwenye vyombo vya kale." Inasema uchague kwa kujua. Glezi ya kauri ngumu, ile inayochomwa kwa moto mkali, hutengenezwa kwa mawe ya felispa na kwa desturi haihitaji risasi. Hatari yake kubwa ipo kwenye mapambo yaliyoongezwa juu baadaye, ambayo ukipapasa unayahisi yameinuka. Kwa hiyo ninapotafuta bakuli la kupakulia nataka kauri ngumu, nyeupe tupu ndani, mapambo yote nje. Glezi iliyopasuka nyufa za nywele, au iliyofifia ikawa kama chaki, hiyo hapana, haidhuru inatoka kiwanda gani. Na chombo unachokipenda lakini huna uhakika nacho, kipeleke maabara. Kipimo cha kawaida ni kukijaza asidi ya asetiki ya asilimia 4 kwa saa 24, kisha kupima risasi iliyotoka. Chombo kinarudi kwako kizima. Vile vijiti vya kupimia nyumbani huweza kukosa viwango vidogo, basi jibu lao la "salama" usilitegemee peke yake. Kama bakuli lile la kwenye picha lilipimwa likashindwa, basi naisamehe keekee. Sikuona popote palipoandikwa kwamba lilipimwa.

Kuna wanaoniambia, "Litavunjika." Huenda. Ila vyombo vingi huvunjikia kwenye sinki, si mezani, na sinki tunaweza kulidhibiti. Nikitumia bakuli la kale naliosha kwa mkono, peke yake, ndani ya beseni la plastiki. Siliingizi kwenye mashine ya kuoshea vyombo, kwani joto na sabuni kali hula dhahabu ya ukingo na rangi za juu, na lenye dhahabu halikaribii maikrowevu kabisa. Kabla ya kumimina kitu cha moto nalisuuza kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu mshtuko wa moto juu ya kauri baridi ndio hufungua ufa uliolala. Na wakati wa kuyapanga, kila bakuli linalokaa juu ya jingine linawekewa kitambaa katikati: ule mviringo wa kitakoni haupakwi glezi, ni mkwaruzo mtupu, na ukisugua ndani ya bakuli la chini kila siku unaondoa ile ngozi inayolifanya lifae kwa chakula.